Siku Sungusungu Walipomhukumu Jambazi wa Gemu

Mimi nina mdomo. Nalisema mapema ili asije mtu kunisaidia kulisema. Mama yangu kule Ushirombo alikuwa akiniambia mdomo wangu utaniponza, na kweli umeniponza mara nyingi, ila siku ninayotaka kuieleza ulikaa kimya, na mpaka leo nashukuru.

Nina kibanda cha gemu. Kipo machimboni kwetu, upande wa Nyarugusu, katikati ya mama ntilie na fundi baiskeli. Bati juu, turubai mbele, tivii moja kubwa, na mashine moja niliyoinunua Kahama ikiwa imeshatumika na watu wengine. Watu hushangaa: mjane mzima, mtu wa kanisani, anaendesha gemu. Wanaoshangaa wanajua sababu, wanajisahaulisha tu. Mume wangu alikunywa chai asubuhi, akashuka duarani, kwenye shimo la dhahabu, kuchimba, duara likatitia. Walipomtoa alikuwa ameshakufa. Matanga yalipoisha nikamtazama mwanangu, mtoto wangu wa pekee, ameanza kurefuka, nikajiuliza: mtoto wa kiume hapa machimboni akitoka shule anakwenda wapi? Anakwenda kwenye maduara. Leo anaangalia tu, kesho anavuta kamba, keshokutwa yuko chini. Nikasema huyu nitamfunga juu ya ardhi hata kwa waya. Ndipo nikanunua mashine yenye waya.

Aliyekuwa akinisumbua ni shemeji yangu, mdogo wake marehemu. Si mtu mbaya, na hapo ndipo palipokuwa na ugumu, maana mtu mbaya ningemalizana naye kwa mdomo siku moja. Alikuwa na duara lake na vijana wake wa kuchimba, na alimpenda mtoto wa kaka yake kwa moyo wote. Kwake yeye mapenzi yalikuwa kumfundisha kazi. "Shemeji," aliniambia, "huyu unamfuga kama kuku wa mayai." Siku moja akaja na tochi ya kichwani, mpya, bado iko kwenye nailoni yake, akaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wangu. "Shule ikifunga nitampitia."

Mwanangu, aliyekuwa kidato cha pili, akainamisha kichwa na kusema, "Ndiyo, baba mdogo. Asante."

Hiyo ndiyo iliniuma. Alivyosema ndiyo, hata hakumeza mate. Shemeji alipoondoka nikamuuliza, wewe mtoto, unataka kushuka? Akajibu, "Baba mdogo ameshasema, mama." Sasa hilo ni jibu la namna gani? Nikamfokea, akaenda zake kupanga viti. Kila nikifunga mlango jioni naiona ile tochi inaning'inia, nami naogopa kuigusa.

Basi ikaingia ile gemu yenye kesi.

Kwanza ilikuja muvi. Ni ya kizungu, mtu kaibiwa dhahabu yake, anarudi kwenye mji wa waliomwibia na kuwamaliza wote, kuanzia mlinzi hadi mpishi. Machimbo yote waliitazama ikiwa imetafsiriwa. Tunazipenda zilizotafsiriwa, zile ambazo mtu mmoja anaongea juu ya sauti ya muvi nzima, yeye ndiye baba, yeye ndiye bibi, yeye ndiye mbwa. Mtafsiri wa muvi hii alikuwa na adabu zake. Kila mara yule jamaa aliyeibiwa alipotaka kumpiga mtu risasi, mtafsiri alimfanya amsalimie kwanza: "Shikamoo mzee, pole na kazi," ndipo paa. Watu wakampenda yule muuaji. Wakasema katoka kwenye familia nzuri.

Baadaye kampuni ya huko huko ikatengeneza gemu yake, nami nikaifuata Kahama. Mzee mwenye duka, Mhindi aliyezaliwa pale pale Kahama na anayekisema Kisukuma kunishinda mimi Msumbwa, alinionyesha boksi. "Mama Gemu, hapa pameandikwa kumi na nane. Watoto wako wana miaka mingapi?"

"Wana ya kutosha kula ugali bila kusaidiwa."

Akacheka, akanifungia kwenye mfuko.

Kumbe gemu haikutafsiriwa. Jamaa anatembea anaongea kizungu, anapiga watu bila hata habari za asubuhi. Watoto wakaboreka. Ndipo mwanangu akaanza kutafsiri yeye. Mtoto huyu nyumbani haongei, ukimtuma dukani anaitikia kwa nyusi. Lakini akikaa kwenye kile kistuli kando ya tivii anakuwa watu kumi: jamaa, adui wa jamaa, mjane, farasi. Wenzake wakawa wanakuja kumsikiliza kuliko kucheza. Kulikuwa na kitu kimoja tu. Mbele huko jamaa anafika kwenye mdomo wa mgodi, anatakiwa aingie. Mwanangu akiwa ameshika yeye pedi ya kuchezea, akifika pale anampa mwenzake, anasema kiu imemshika, anaenda mtungini. Nami nikadhani ni kiu.

Kesi ilianzia kwa katekista. Mjukuu wake alitumwa maji na bibi yake, akamjibu kwa sauti nene, ile ya jamaa wa gemu, "Bibi, hesabu pumzi zako." Bibi wa watu akazihesabu. Akaja kulazwa zahanati na presha. Katekista akaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji kusema gemu ile haifai vijana, kibanda kifungwe. Shemeji naye alikuwapo, akaongezea kwamba kijana wa kiume kama anatafuta hatari, hatari ya halali ipo, tena ina malipo, aje duarani.

Niliposikia nikafunga kanga kiunoni nikaenda. Mwenyekiti akaniwahi kabla sijafungua mdomo. "Mama Gemu, hapa hatumhukumu mtu bila kumsikiliza. Hata gemu tutaisikiliza. Jumapili baada ya ibada tunakuja: mimi, katekista, na kamanda wa sungusungu. Ikionekana haifai, unafunga siku hiyo hiyo."

Hapo niseme kidogo kuhusu sungusungu, kwa asiyekaa huku kwetu. Ni ulinzi wa jadi wa Wasukuma. Kamanda wao akipiga filimbi na kupaza mwano, ule ukelele wa hatari, kila mtu mzima anatoka na silaha aliyonayo, awe mezani, awe chini ya duara. Asiyetoka anatozwa. Na baraza linakaa hapo hapo, na neno linalotamkwa juu ya mwano halirudishwi nyuma na mtu. Lakini anayepaza mwano pasipo mhalifu anatozwa ng'ombe, hata awe kamanda mwenyewe. Kamanda wetu alikuwa mzee mkavu, ameshika kazi hiyo tangu mimi sijaolewa, na filimbi yake hulala nayo shingoni.

Jumapili wakaja. Shule ilikuwa inafunga wiki ile, na mimi sikuwa nimelala vizuri. Nilifagia, nikamwaga maji, nikaweka viti vitatu mbele ya tivii na chupa ya chai. Mwanangu akakaa kwenye kistuli chake.

Wakaanza na boksi. Mwenyekiti akasoma ile kumi na nane, akatikisa kichwa kwa heshima. Kamanda akauliza maana yake nini. Akaambiwa: aliyefika miaka hiyo anaruhusiwa, aliye chini haruhusiwi.

"Wamekosea," kamanda akasema. "Mimi nimeshika watu wengi. Hawa waliopita kumi na nane ndio wanaokatana mapanga. Wao ndio wakatazwe."

Boksi likawekwa pembeni.

Katekista akawa wa kwanza kushika pedi, kwa vidole viwili, kama kitu kilichookotwa. Akasema yeye hatapiga mtu, atatembea tu aone. Jamaa akaingia mjini. Mbele yake akatokea mzee mwenye ndevu. "Kibonyezo cha kuamkia ni kipi?" katekista akauliza.

"Hakipo," mwanangu akasema.

"Haiwezekani. Kwenye muvi aliamkia."

"Ni mtafsiri aliyeamkia, babu."

Katekista hakuamini. Akambonyezea yule mzee kila kibonyezo kilichokuwapo, na kimoja kilikuwa cha risasi. Mzee akaanguka. Katekista akaweka pedi chini, akafanya ishara ya msalaba, akaomba chai. Mwenyekiti naye akajaribu, akaingiza jamaa kwenye nyumba ya watu kwa kupiga teke mlango. Hilo likamuudhi kuliko damu. "Hodi iko wapi?" alirudia. "Mtoto akijifunza kuingia nyumba ya mtu hivi, huyo mimi simtaki kwenye kitongoji changu." Akatoka nje ya ile nyumba, akamsimamisha jamaa mlangoni, tukakaa tunangoja mwenyeji aseme karibu. Mwenyeji akatoka na shoka.

Nikaona kibanda kinakwenda. Nikaiona ile tochi akilini mwangu, nikamwona mwanangu ameivaa, anashuka kwa kamba.

"Lete hapa," kamanda akasema.

Yeye hakucheka wala hakuuliza vibonyezo. Alimtembeza jamaa polepole ukutani, akichungulia kila kona, na nikaona mgongo wake umenyooka. Akawa anawanong'oneza wenzake: "Huyo wa kwanza ni mtego. Wenzake wako nyuma." Na kweli walikuwa nyuma. Wakatokea wengi kwa pamoja, wamejifunga vitambaa usoni, mbele anakuja mkubwa wao na bunduki. Kamanda akaachia pedi. Mkono ukaenda shingoni wenyewe.

Filimbi ile ndani ya kibanda cha bati iliniziba masikio. Na mwano ukafuata, ule wenyewe, unaopanda na kukatika.

Mwanangu akabonyeza gemu isimame. Jambazi mkubwa akaganda pale kwenye kioo, mguu mmoja hewani, bunduki inatutazama. Kamanda akaangalia filimbi mkononi mwake kama mtu aliyeamshwa usingizini. Kisha tukasikia nje miguu.

Machimbo yote yalikuja. Walikuja na marungu, na pinde, na nyundo za mwambani, mama mmoja na mchi wenye unga wa mihogo, fundi baiskeli na pampu. Wachimbaji walipanda kutoka chini, vumbi mpaka kwenye kope, tochi zao zinawaka mchana kweupe. Shemeji yangu alikuwa mbele yao anahema. "Yuko wapi?" watu wakauliza. "Jambazi yuko wapi?"

Katekista akamtazama kamanda. Mwenyekiti akamtazama kamanda. Wote tuliwaza ng'ombe. Mzee wa watu akanyoosha kidole kwenye tivii.

"Huyu hapa."

Mungu awasamehe watu wangu, hakuna aliyecheka. Wengine sidhani kama walielewa, na walioelewa walimheshimu mzee. Ikabidi turubai likunjwe wote waone. Mama mwenye mchi akauliza kwa nini mhalifu hajafungwa kamba. Waliosimama mbele ya bunduki wakasogea pembeni taratibu, wakaacha njia wazi mpaka barabarani.

"Aweke silaha chini," kamanda akaagiza.

"Hawezi, kamanda," mwanangu akasema. "Nikimwachia asogee, atapiga kwanza."

Mwenyekiti akaamua ahukumiwe akiwa na silaha yake. Fundi baiskeli akauliza, na umeme ukikatika?

"Ukikatika ametoroka," mwenyekiti akasema. "Tufanye haraka."

Kamanda akasimama mbele ya tivii. Akatangaza sheria ya baraza: mtuhumiwa anasema mwenyewe, na anaposema haingiliwi na mtu, awe mkubwa awe mdogo. Akamgeukia mwanangu. "Wewe unajua lugha yake. Msemee."

Mwanangu akasogeza kistuli. Akaweka ile sauti nene.

"Wewe mtoto wa nani?" kamanda akauliza.

"Mimi ni mtoto wa baba yangu. Na mama yangu ana mdomo."

Watu wakaangua kicheko. Mimi nikavuta pumzi niseme, fundi baiskeli akanionyesha kidole mdomoni: haingiliwi. Nikaimeza.

"Kwa nini unavamia watu?"

"Nimetumwa. Nimezaliwa tu nikashikishwa bunduki. Hakuna aliyeniuliza kama naipenda."

Wakacheka tena. Mama wa mchi akasema maskini.

"Hukuweza kukataa?"

"Aliyenituma ni mkubwa. Mkubwa unamwambiaje sitaki?"

Vicheko vikapungua. Watu wa kwetu wanalijua hilo. Kamanda naye akapunguza ukali.

"Ina maana wewe, jambazi mzima, unaogopa?"

Mwanangu akafungua mdomo, na ile sauti nene haikutoka. Ikatoka ya kwake.

"Naogopa."

"Unaogopa nini?"

"Kule chini." Alikuwa anatazama kioo, hakumtazama mtu. "Walipomtoa baba, mimi nilikuwepo. Alikuwa na buti moja. Lingine limebaki kule. Mimi sitaki kushuka."

Sikujua. Miaka yote ile nilidhani alikuwa kwa jirani. Nilitaka kupiga kelele, nilitaka kumkimbilia, na mdomo wangu huu usiokaa kimya hata msibani ukakaa. Nikang'ata kanga.

Shemeji alikuwa hatua chache kutoka kwangu. Alivua tochi kichwani, akaizima, akabaki ameishika kwa mikono miwili.

Kamanda hakumgeukia mtoto. Hapo ndipo nilipomjua mzee yule. Alibaki anamtazama jambazi wa kwenye kioo, usoni, akaongea naye yeye.

"Jambazi, baraza limekusikia. Kuanzia leo hakuna atakayekutuma chini usikotaka kwenda. Na aliyekuwa anakutuma, kama yupo hapa, naye amesikia. Limesemwa juu ya mwano."

"Ng'hana," watu wakaitikia kwa Kisukuma. Kweli. Na nilimsikia shemeji naye akiitikia, amechelewa kidogo.

Wakatawanyika. Mama wa mchi akarudi kwenye mihogo yake akilalamika kwamba wangempiga hata kidogo. Kamanda hakutozwa ng'ombe, maana mhalifu alipatikana na kesi ikaisha. Kamati ikabaki kumalizia la gemu, nalo lilichukua chai yote. Waliamua inafaa vijana kwa masharti: mtafsiri awepo, jamaa aamkie wazee kabla ya jambo lolote, na pale mlangoni mchezaji aseme hodi kwa mdomo wake, hata kama atapigwa shoka. Yale maneno ya kuhesabu pumzi yakapigwa marufuku. Katekista akataka pia jamaa awe anakwenda ibada. Tukamwambia gemu haina kanisa. Akasema basi apite mbali na baa.

Shule ikafunga. Asubuhi ya siku aliyosema angekuja, shemeji akaja. Akabisha hodi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya nyumbani kwangu. Nikatoka nimejifunga kanga, maneno yote nimeyapanga.

"Nimefuata tochi," akasema.

Mwanangu akaitoa msumarini, akampa kwa mikono miwili. "Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba." Akaigeuza geuza, bado ina nailoni. Nikadhani ataondoka. Akachungulia kibandani. "Yule jambazi mlimwachia?"

"Yupo," mwanangu akasema.

Akaingia, akakaa, akaomba pedi. Ni mchezaji mbaya sana shemeji yangu, anakunja mwili wote jamaa akigeuka. Lakini aliamkia kila mzee kwa sauti, na mwanangu akamwitikia kwa niaba yao, marahaba, marahaba, wakaenda hivyo mji mzima. Mimi nilikuwa nachemsha chai. Nilipotazama, jamaa alikuwa amefika kwenye mdomo wa mgodi.

Mwanangu akasimama. "Nakunywa maji mara moja," akasema.

Shemeji akamshika mkono bila kuondoa macho kwenye kioo.

"Kaa, baba," akamwambia. "Tunazunguka."

Akageuza jamaa. Njia ya kuzunguka ni ndefu na imejaa watu wenye bunduki, na yeye hajui hata kukimbia. Waliuawa pale, wakaanza tena, wakauawa tena, mpaka chai ikapoa.